Mwaka Ule Kyalo Aliliwa na Bundi

Haya, nyinyi wa huko nyuma penye sufuria, acheni kugongesha hizo vikombe, na nyinyi wa hapa mbele songeni karibu, msije mkasema mimi Redio nilinong'ona. Juzi tumemzika Kyalo kule Kanyangi, na mchungaji alisimama mbele ya watu, Biblia mkononi, akasema marehemu ameonja kifo mara moja kama vile kila mtu ataonja. Mimi nilitaka kuinua mkono. Binti ya Kyalo akaona mkono yangu inaanza kupanda, akanifinya hapa kwa mbavu, akasema, "Mzee, si leo, tafadhali." Nikanyamaza, na mnajua mimi kunyamaza ni kama mtu mwingine kubeba lori kwa kichwa. Lakini leo wageni wameenda, mchungaji amekula kuku yake akaenda, na mimi nasema wazi: Kyalo alikufa mara mbili. Hii ya juzi haikuwa na maneno mingi, mzee wa watu alilala tu akakataa kuamka. Ile ya kwanza ndiyo ilikuwa kifo ya kweli. Ilikuwa na damu, na mimi nilikuwepo.

Mambo ya nilizaliwa wapi na baba yangu alikuwa nani, hiyo haisaidii mtu. Anzeni kuniona hapo Emali, miaka ya sabini, kijana mwenye mgongo kama meza ya hoteli, nabeba magunia ya ndengu na mbaazi kwa stoo ya Mama Njeri. Mama Njeri alikuwa mjane, ametoka huko kwao kwa baridi na majani chai, mwanamke mfupi lakini akiita mtu, treni ilikuwa inapunguza mwendo ikidhani ni stesheni imeita. Tulikuwa watu wanne. Mimi, waliniita Redio na hamhitaji kuelezwa kwa nini. Mutiso, kubwa yetu, mtu alikuwa anashika kulabu moja kila mkono na kutembea na gunia mbili kama mwanamke amebeba vikapu. Muthama, mzee wetu, shemasi wa kanisa, alikuwa anabeba gunia na wimbo wa kitabu pamoja. Halafu Kyalo. Kyalo alikuwa mdogo mpaka gunia ikiwa juu yake, ulikuwa unaona gunia inatembea yenyewe ikiwa na miguu ya kuazima. Tulilala nyuma ya stoo, chumba ya mabati, juu ya magunia tupu, na vumbi ya ndengu ilikuwa mpaka ndani ya ndoto. Chakula yetu ilikuwa isyo, mahindi na maharagwe, sufuria moja, hakuna sahani. Na hapo kwa sufuria ndipo vita yetu yote ilikuwa. Mkono ya Mutiso ikiingia mle ndani ilikuwa inatoka na nusu ya chakula na mvuke yote. Kyalo alikuwa anapata zile mahindi zimeshikana kando ya sufuria, na akichelewa anapata harufu. Akisema kitu, Mutiso anamgonga kichwa na kijiko na kumwambia, "Wewe kula na macho, tumbo yako ni ndogo." Tulicheka. Siku hizi nikiona wajukuu wangu wanakula kila mtu na sahani yake, mimi huwaza kwamba hawa hawatajua mtu hata siku moja, kwa sababu mtu humjui mpaka mle na yeye sufuria moja mwaka mzima.

Sasa, panya. Panya wa Emali wakati ule hawakuwa hawa wenu wa kukimbia paka. Wale walikuwa wanavuka barabara ya Mombasa wakiangalia kulia na kushoto. Mmoja nilimkuta kwa mlango asubuhi amebeba debe ya ndengu, nikamfungulia, kwa sababu mtu akiwa na mzigo unamsaidia. Mama Njeri alikuwa amejaribu sumu, panya wakanona. Alikuwa ameleta paka kutoka Sultan Hamud, paka akarudi kwao kwa miguu. Basi siku moja Muthama alipanda juu ya rundo ya magunia kupanga mbaazi, pale karibu na paa penye kulikuwa na dari ya mbao kuukuu, na sisi tukasikia sauti kama mtu anapasua shuka mpya. Shemasi alishuka bila kushika kitu chochote. Alikuja kama mvua. "Ndundu!" akasema. "Kuna ndundu ametaga hapo juu! Anatutazama na uso wa mtu!"

Ndundu ni bundi, na kwetu mnajua bundi ni nini. Bundi akilia nyumbani kwako, kuna mtu anaitwa, na dawa yake ni moja: unachomoa kijinga kutoka jikoni, kinawaka hivyo hivyo, unamrushia. Muthama alikuwa ameshafika jikoni. Alirudi na kijinga kinatoa cheche, shemasi wa kanisa, macho yametoka, na mbele yake akakuta Mama Njeri amesimama kwa mlango na panga.

"Unaenda wapi na huo moto, mzee?"

"Mama, hapo juu kuna kifo."

"Na hapa chini kuna magunia yangu. Hiyo moto ikipita hapa, kifo haitakuwa na haja ya kushuka, itakukuta hapa hapa mlangoni." Halafu akapanda mwenyewe, na rinda yake na panga yake, akachungulia, akashuka anatabasamu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona meno yake. "Amezungukwa na mifupa ya panya mpaka hapa," akasema. "Huyo si bundi. Huyo ni askari wangu. Mtu akimgusa, ajue amenigusa mimi."

Hivyo ndivyo tulianza kuishi na bundi, mama na baba, weupe kwa tumbo, uso kama papai imekatwa katikati. Mayai yakapasuka maganda, lakini si siku moja. Mmoja alitoka, tukakaa, mwingine akatoka, tukakaa tena, mpaka wakawa wanne wamepangana kama watoto wa mama mmoja mbele ya mpiga picha: mkubwa, anayemfuata, wa tatu, halafu kitu kidogo hapo mwisho, macho imefungwa, kichwa inatingika kama ya mlevi. Ubaya wao, wacheni tu! Wamevaa manyoya nyeupe kama mzee amelala kwa pamba. Jioni tukimaliza kazi tulikuwa tunapanda juu ya magunia, tunalala kwa tumbo, tunatazama. Baba anaingia kwa tundu la ukuta na panya anayetikisa mkia, wale wote wanapiga kelele ya kupasua shuka, wanasukumana, wanakanyagana vichwa, wanavuta panya huku na huku mpaka matumbo yanatoka kama uzi. Mkubwa alikuwa anameza panya mzima, kichwa kwanza, halafu anakaa na mkia imebaki nje kama mtu anavuta sigara. Damu ilikuwa kwa ukuta, kwa mbao, kwa manyoya. Hata Mutiso alisema, "Hii ni bucha."

Ni yeye Mutiso aliwapa majina. Tulikuwa tunakula isyo huko juu, yeye akaelekeza kijiko kwa mkubwa, akasema, "Huyo ni mimi." Wa pili, kwa sababu hanyamazi hata akiwa amemeza, akawa Redio. Wa tatu akawa Muthama, na shemasi akakataa kabisa, akasema yeye jina yake imeandikwa mbinguni, haiwezi kuandikwa tena kwa bundi. Tukamwita tu hivyo hivyo. "Na hiyo takataka hapo mwisho," Mutiso akasema, "hiyo ni Kyalo." Tukacheka mpaka magunia yakatingika. Kyalo pia alicheka, lakini kicheko yake iliisha kabla ya zetu. Kwetu Ukambani jina si kitu ya kuchezea. Mtoto akipewa jina ya babu yako, huyo ni babu, na akikukojolea unasema babu amekubariki. Kutoka siku hiyo Kyalo hakuwa anatazama ndege tena. Alikuwa anajitazama.

Na nitawaambia kitu, hii si chumvi, hii niliona. Wiki za kwanza, panya wakiwa wengi, yule mkubwa alikuwa akishiba anachukua panya mwingine, anamsogelea mdogo, anamwekea kwa mdomo. Polepole, kama mama. Wakilala, walikuwa wanalala rundo moja, mdogo katikati, na mkubwa anamchagua chawa kwa kichwa. Kyalo alikuwa anashuka hapo akiwa na furaha, anaimba, anaweza kubeba hata gunia ya Mutiso. Anamwambia Mutiso, "Umeona vile wewe ni mzuri huko juu? Kwa nini huku chini uko hivyo?" Na Mutiso anajibu, "Huku chini hakuna panya wa kutosha."

Halafu watu wakamuua baba bundi. Ilikuwa siku ya soko, mchana, jua linapasua mawe. Sijui ni nini ilimtoa nje, lakini kunguru walimwona, wakamrukia kama polisi wameona mlevi, wakampiga mpaka akaanguka katikati ya akina mama wa nyanya. Mtu mmoja akapiga kelele, "Ndundu!" Basi. Mawe ilitoka kila mahali. Watu waliacha biashara, tanboi, vijana wa kupakia mizigo, waliruka kutoka kwa lori, mwanamke mmoja alirusha kiatu yake halafu akarusha ya pili. Nilisimama hapo na gunia mgongoni nikaona kitu sijasahau: kila mtu aliyekuwa na mgonjwa nyumbani alirusha jiwe mara mbili. Kila mtu aliyezika mwaka huo alikuja karibu zaidi. Yule ndege aliinua bawa moja, ikavunjwa. Akainua nyingine. Walimponda mpaka ikawa huwezi kujua ni ndege ama ni mkeka, na bado wakamwagia mafuta ya taa wakachoma, na mwanaume mmoja analia, anapiga teke majivu, anaita jina ya mtoto wake. Leo hii nikisikia watu wanasema bundi ni mkatili, mimi huuliza, mkatili kuliko soko ya Emali? Mama Njeri alikuja mbio na panga yake, akachelewa. Alisimama akasema, "Mmeua askari wangu, wajinga nyinyi, na panya watawalipa."

Panya hawakutulipa sisi. Walimlipa mdogo wa kule juu. Mama bundi alikuwa peke yake sasa, anatoka, anakawia, anarudi na panya mmoja, na midomo ni minne. Mkubwa akaacha kumpa mdogo kitu. Mwanzo alikuwa anamsukuma tu. Halafu akaanza kumdonoa kichwa, pale pale alikuwa anamchagua chawa. Wa pili, yule Redio, naye akaona ni mchezo mzuri, akaingia, mwenye jina yangu yule, aibu sana. Kyalo alipagawa. Alikuwa anaenda bucha kuomba vipande vya maini, anapanda navyo kabla ya kazi, anamlisha mdogo na kijiti, na mkubwa anampokonya. Alikuwa anaacha isyo yake ili awinde panya na fimbo huko chini, anaua, anapanda, mikono ina damu mpaka kiwiko. Akakonda. Ndege akikonda, yeye anakonda. Ndege akifunga jicho moja kwa vidonda, Kyalo anaanza kusugua jicho. Usiku hasemi, asubuhi anauliza, "Redio, nikifa utanipeleka nyumbani?" Nikamwambia wewe hufi, wewe hata kifo itakosa mahali pa kushika. Hakucheka. Hapo ndipo niliogopa, kwa sababu Kyalo alikuwa anacheka hata kwa matanga.

Jioni moja tuko chini, sufuria iko katikati, tunamngoja Kyalo ashuke. Akashuka polepole. Uso yake ilikuwa nyeupe kuliko ya bundi. "Amenikula," akasema. Mimi nikapanda mbio, na ni kweli. Mkubwa amekaa pale, ametanua kifua, na kwa mdomo yake imetoka miguu miwili midogo, vidole vimekunjwa. Akameza mara moja, miguu ikaingia kidogo. Akameza tena. Wengine wawili wamekaa kando wanamtazama wamenyamaza, na manyoya ya mdogo imebaki kwa mbao kama mtu amepasua mto.

Huko chini nikasikia Mutiso anacheka. Mdomo imejaa isyo, anasema, "Pole, Kyalo! Nimekula wewe mzima na bado sijashiba!"

Sijui Kyalo aliruka kutoka wapi. Nawaambia alipita juu ya sufuria bila kuigusa, akatua kwa shingo ya Mutiso na miguu yote, na meno ikaingia kwa sikio. Mutiso alisimama, Kyalo ananing'inia hapo kama hereni. Akazunguka, akagonga Kyalo kwa ukuta, mabati ikalia, Kyalo hakuachilia. Akachukua kulabu akajipiga nayo mgongoni akitaka kumfikia, akapasua magunia, ndengu ikamwagika kama maporomoko ya maji, sisi tunateleza. Shemasi akaanza maombi, akapigwa teke ya tumbo kabla ya kufika kwa "Baba." Mimi nikaingia kuamua, nikatoka na jino mkononi, na ilikuwa yangu. Damu ilirushwa mpaka kwa mizani. Kyalo alikuwa anang'uruma kama mbwa amekufa halafu akaamka. Mwisho Mama Njeri alifika, akawapiga wote wawili na bapa la panga, mgongo, makalio, kichwa, bila ubaguzi, mpaka wakaachana. Wakati waliachana, sikio ya Mutiso ilikuwa nusu. Kyalo alisema ametema ile kipande. Tulipepeta ndengu ya stoo nzima, hatukuiona.

Kyalo akaenda akalala kwa magunia, akageukia ukuta, akasema sasa amekufa, ni mwili tu haujaambiwa. Hakula, hakunywa. Muthama alimwombea mpaka sauti ikakauka. Mama Njeri alimletea maziwa, akatishia kumpiga asipokunywa, akamlilia. Kule juu wale watatu waliota mabawa, wakatoka kwa tundu jioni moja wakaenda zao, wanono, bila shukrani. Kyalo bado amelala. Na Mutiso, kichwa imefungwa na kitambaa, akaanza kuogopa. Watu wa soko walikuwa wamesikia. Mama mmoja wa nyanya alimuuliza mbele ya watu, "Ni wewe ulikula mwenzako?" Akifa huyu, ukoo wa akina Kyalo watakuja kwa ukoo wake kudai damu, na atawaambia nini, ati ni ndege? Basi nikaona Mutiso, yule wa kijiko, amepiga magoti, ameshika uji, anapuliza, anasema, "Kidogo tu, ndugu yangu. Kidogo tu. Fungua mdomo." Kyalo hakufungua.

Tukampeleka nyumbani afe kwao. Mama Njeri alitupatia nafasi kwa lori ya mbuzi, tukazunguka barabara ya vumbi mpaka Kanyangi, Kyalo amelala katikati ya mbuzi amefunikwa gunia, na mbuzi mmoja anamla nywele. Mutiso alimbeba mgongoni kutoka barabarani, jua kali, hakupumzika, damu mpya inatoka kwa kitambaa. Tulimkuta susu yake, nyanya ya Kyalo, mwanamke mzee mkavu kama kuni, ameketi mlangoni anapepeta pojo kwa uteo. Mutiso akamlaza mbele yake. Uteo haikusimama.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, susu. Nimekuja kufa."

"Umekuja kufa na pojo haijaisha kupepetwa? Ni nini imekuua?"

Mimi nikaeleza, kwa sababu ndio kazi yangu. Nikaeleza dari, nikaeleza watoto wa bundi wanne, majina, njaa, miguu miwili kwa mdomo. Majirani walikuwa wamekuja, wanawake wengine wameanza kulia kidogo kidogo wakijiandaa. Yule susu akapepeta mpaka nikamaliza.

"Hiyo ndundu ndogo," akasema, "ilipewa jina na nani?"

"Na huyu, Mutiso."

"Mwanaume?"

"Ndio, susu."

"Wanawake gani waliketi?"

Tukatazamana. "Hakukuwa na mwanamke," nikasema. "Kulikuwa na sisi na magunia."

"Na mbuzi ya jina ilikuwa ya rangi gani?"

"Mbuzi gani?"

Hapo uteo ikasimama. "Mbuzi! Mbuzi ya kuchinjwa! Mlichinja nini?"

"Hakuna," Muthama akasema, kichwa chini.

"Hata kuku?"

"Tulikuwa tunakula isyo, mama."

Aliweka uteo chini, akamtazama Kyalo vile mtu anatazama kiatu imeachwa kwa njia. "Wewe ulipewa jina na mdomo huu," akasema, "na wanawake wameketi hapa, na mbuzi imechinjwa hapo umelala, na nilikula figo yake mimi mwenyewe. Mtoto wa mtu, bila hiyo, bado hana jina, hata akifa hatumwiti. Sasa ndege! Watu wazima, mnakula chakula, mnaonyesha ndege na kijiko, mnasema ni Kyalo! Hiyo ndundu ilikufa bila jina. Haikuwa wewe. Haikuwa mtu yeyote. Ilikuwa ndundu. Amka uende mtoni ulete maji, wageni wamekuja."

Kyalo alifungua jicho moja. Akafungua lingine. Akakaa, nywele imeliwa na mbuzi upande mmoja, akatazama mikono yake mbele na nyuma kama mtu amerudishiwa kitu alikuwa ameazimwa. Wanawake wakaacha kulia katikati. Halafu akasema, sauti ndogo, "Susu, isyo iko?"

Ndipo Mutiso akaweka mkono kwa kile kitambaa, akatazama Kyalo, akatazama susu, akatazama sisi wote, akapiga kelele, "Kwa hivyo sikio yangu imeliwa bure!"